Msaidizi wa Kuchora

Jumatatu, 4 Machi
Barua imekuja kwa jina la mdogo wangu. Wiki tatu tangu tumzike, na barua inamwita Ndugu. Nimeifungua kwa mkasi wa kukatia vitambaa, mikono ilikataa kuichana.

Ameshinda! Shindano la wasanifu majengo vijana, jengo la wagonjwa wa nje la hospitali ya wilaya. Kazi namba 118. Michoro hupelekwa bila majina, namba tu. Jina hukaa kwenye bahasha iliyofungwa, wanaifungua wakishachagua. Basi walimchagua bila kumjua. Wala hawajui kwamba hayupo. "Unatakiwa kufika mwenyewe ndani ya siku kumi na nne, na kitambulisho halisi."

Kufika mwenyewe.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikashona kola tatu, maana sare za shule hazijui msiba.

Jumanne, 5 Machi
Ofisi ya manunuzi, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nilibeba cheti cha kifo ndani ya mfuko wa plastiki. Dada wa dirishani alikisoma, akamwita mwenzake kwa sauti — njoo uone, mshindi wetu kafa! Foleni nzima ikageuka. Mzee nyuma yangu akasema pole sana mama, lakini sogea basi, na sisi tuna shida zetu.

Afisa manunuzi ni kijana, mpole. Fomu ina mistari miwili: msanifu mkuu na msaidizi. Mkuu ndiye husaini mkataba. Marehemu hasaini. Basi kazi inaanguka, wa pili anapanda. Nikauliza, hakuna namna? Akautazama mlango. "Mama, makosa ya kujaza fomu yanarekebishika. Kifo ndicho hakirekebishiki."

Sikumwelewa. Nilielewa nikiwa kwenye ngazi, nimeshafika chini.

Alhamisi, 7 Machi
Rula amekuja, yule aliyesoma na mdogo wangu. Jina la chuoni hilo, kwa urefu wake. Msaidizi kwenye fomu ni yeye. Alilia mlangoni, alilia kweli. Akala. Kisha akatoa karatasi iliyokwisha chapwa: mimi, dada wa marehemu, naapa kwamba majina yaliandikwa kwenye mistari isiyo yake kwa bahati mbaya, na kwamba marehemu alikuwa msaidizi wa kuchora tu.

"Dada, ni karatasi tu. Mimi na wewe tunaujua ukweli."

Nikamuuliza, wa pili kachora nini? Akanionyesha kwenye simu. Ghorofa nne, vioo vitupu. Zuri. Wagonjwa wanangoja kwenye korido, wamesimama.

Mdogo wangu alichora benchi. Benchi moja refu, linazunguka ua wote, chini ya paa. Mama yetu alimngoja daktari saa sita kwenye ngazi ya saruji, sisi tumemshikilia huku na huku. Mdogo wangu alikuwa darasa la tano. Mwaka jana alichukua utepe wangu wa cherehani akanipima, sakafu hadi nyuma ya goti. "Dada, usijinyooshe. Kaa kama umechoka." Nikamwambia, hapo sina haja ya kuigiza! Sentimita arobaini na mbili. Imeandikwa kwenye mchoro.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeapa. Wakili hakuinua hata kichwa. Mhuri aliugonga mara mbili, wa kwanza haukukolea.

Mjomba anasema nimefanya la maana, mfu hana haja ya cheo. Kweli. Hana haja.

Jumanne, 12 Machi
Sare kumi na nane. Hakuna jingine.

Ijumaa, 15 Machi
Pingamizi! Wa pili ni msichana, alisoma na Rula na marehemu. Ameiandikia kamati. Rula kanisomea kwa simu: kazi namba 118 ni ya marehemu, si ya huyu anayetajwa sasa. Kila aliyesoma naye anaujua mkono wake. Alikuwa bora kuliko sisi sote.

Rula akasema, umemwona mchawi huyo?

Nikamwambia nisomee tena hapo mwisho. Akasoma. Nikamwambia sijasikia vizuri, rudia.

Jumapili, 17 Machi
Rula amefuata madaftari ya marehemu. Yapo tisa, kila ukurasa na tarehe yake, mwandiko wake. Rula anasema, kamati ikiyaona tumekwisha, dada. Nilidhani anakwenda kuyaficha. Akayapeleka uani, akayatia kwenye pipa, akaniomba kiberiti.

Nikampa. Kiberiti changu!

Ukurasa mmoja ulijifungua wenyewe kabla haujashika moto. Katikati ya michoro ya paa kaandika: sabuni, betri, uzi mweupe wa dada. Nilinyoosha mkono. Rula akasema utaungua.

Jumatano, 20 Machi
Naandika kwenye korido. Kamati wamekwenda kunywa chai, nusu saa.

Msichana aliniamkia asubuhi kwa heshima zote. Alikuja mazikoni, alisimama nyuma, hakujua amsalimie nani. Ndani alieleza wazi, hakumtukana mtu. Alisema marehemu ndiye aliyemfundisha kuchora ngazi, kwa sababu za kwake zilikuwa hazifiki juu. Kamati ikacheka. Mimi pia nilitaka kucheka. Ndivyo alivyokuwa, anakurekebisha huku anakutania.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. Mama, marehemu aliwahi kubuni kitu chake mwenyewe? Nikasema alikuwa anachora anachoambiwa. Akauliza, kwa hiyo huyu binti anatudanganya? Nikasema anadanganya. Msichana akainamisha uso. Mjumbe mmoja mnene akasema, basi familia nyingine huwasifu maiti wao hata kwa wasichokuwa nacho, hii ni ajabu! Wakacheka tena. Rula alicheka nao.

Limebaki swali moja. Michoro imetandikwa mezani, mwenyekiti anataka niitazame, nijibu kwa kinywa changu ili karani aandike: marehemu aliweza kufanya kazi hii, au hakuweza? Hapo wakaenda chai.

Nimemfuata msichana dirishani. Nikamuuliza, mwanangu, ukishinda wewe, benchi utaliweka? Angeweza kunidanganya. Alifikiri kwanza. "Mama, watajenga mchoro wangu kama ulivyo. Siruhusiwi kuongeza cha mtu." Halafu akasema, lakini yeye mngemwachia jina lake.

Nikarudi kukaa.

Rula kaninunulia maji. Anasema usiitazame michoro, tazama ukuta, sema neno moja tumalize. Yeye hakai, anatembea, keshaanza kuongea na wajenzi kwenye simu.

Nimelijaribu neno kimya kimya. Hakuweza. Mara ya kwanza lilinikwama. Mara ya pili nikakohoa. Sasa hivi nimelisema tena, halikukwama popote. Karani amefungua mlango, ananitafuta kwa macho, Rula ameshaninyooshea mkono niinuke —