Karatasi Aliyoizungusha Fundi

6 Februari

Shikamoo Baba,

Natumai wewe na Mama hamjambo, na sikio lako limepunguza kuuma. Simu umeikataa katakata, basi acha nikuandikie. Mimi mzima wa mwili, ila kazi inanitoa jasho.

Somo langu la hesabu za mwaka wa kwanza hapa chuoni lilikuwa na vipindi vitatu kwa juma, saa moja moja. Muhula huu ofisi ya ratiba imevikusanya vyote Ijumaa, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Saa tatu nzima mfululizo, Baba! Saa ya kwanza wananisikiliza. Ya pili wanatazama madirisha. Ya tatu naongea na ubao. Ijumaa inayofuata nikiuliza tulipoishia, watu mia na kumi na wawili wananikodolea macho kama mgeni aliyekosea nyumba. Jaribio la kwanza wamefeli zaidi ya nusu, na anayefeli somo hili haendi mwaka wa pili.

Anayenipa moyo ni mmoja, mama wa makamo, fundi cherehani. Darasa zima linamwita Fundi, na ndiye kiongozi wao. Anakaa mbele kabisa, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni, na hata saa ya tatu anauliza maswali.

Nisaidie mawazo, Baba.

Binti yako,
Kitindamimba


15 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Sikio limeamua kustaafu kama mwenye sikio. Mama yako anasema hata mwandiko wako umekonda, ule vizuri.

Hao watu wa ratiba wamewahi kushika chaki kweli? Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, dakika arobaini kila siku. Mtoto anashika kidogo leo, kesho unampima, anakosea, unamrekebisha kabla kosa halijamzoea. Wewe unawapakulia chakula cha juma zima kwenye sahani moja, halafu unashangaa kimewashinda.

Usikae kimya. Andika ombi, kila mwanafunzi atie saini. Ndivyo sisi tulivyopata darasa lenye paa. Na usilizungushe mwenyewe, watasema umewalazimisha. Mpe kiongozi wa darasa.

Baba yako,
Mwalimu


3 Machi

Shikamoo Baba!

Mko salama? Mimi nina mafua, lakini leo hata siyasikii.

Tumeshinda! Nilimpa Fundi karatasi kama ulivyosema. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, unaona hivi ndivyo watu wataelewa?" Nikamwambia bila shaka. Akatia saini wa kwanza, kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama mshono, kisha akaizungusha safu kwa safu. Zimetimia saini mia na kumi na mbili, hakuna aliyekataa. Karani wa ratiba alijikuna kichwa wee, mwishowe akakubali. Sasa tutakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, saa tatu hadi saa nne.

Mshindi wako,
Kitindamimba


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mama yako mgongo unamsumbua, si wa kutisha. Barua yako nimemsomea kila jirani aliyepita, na wengine nimewasomea mara mbili.

Mbona kimya? Jaribio la pili limekwendaje? Na yule Fundi kapata ngapi? Mwambie mwalimu mzee anamsalimu.

Baba yako,
Mwalimu


20 Aprili

Shikamoo Baba,

Unisamehe kwa ukimya. Mgongo wa Mama umepoa?

Jaribio la pili wamefaulu themanini na tisa. Ulisema kweli tupu. Ila Fundi hakulifanya. Hajaingia darasani tangu ratiba ibadilike. Nilidhani anaumwa, nikamfuata kibandani kwake. Nilimkuta anapinda suruali ya mtu.

"Ijumaa mchana nilikuwa nafunga kibanda," akaniambia. "Wateja walishazoea. Asubuhi ndiyo wanapitia nguo zao, siwezi kufunga siku tatu."

Nikamuuliza, mbona ulisaini?

"Wenzangu walikuwa wanafeli, Mwalimu. Na wewe ulikuwa unaumia, nakuona. Ningekataaje?"

Baba, siku ile ya karatasi nilisimama mbele ya meza yake darasani, utepe uko shingoni mwake, na sikumuuliza kama asubuhi inamfaa.

Karani anasema ratiba haigeuzwi mara mbili kwa muhula. Basi Ijumaa mchana naenda kumfundishia kibandani, nimeshaenda mara mbili, na anaelewa haraka kuliko wote. Lakini aliyekosa zaidi ya robo ya vipindi haruhusiwi kufanya mtihani, na vya kibandani havihesabiwi. Orodha ya wasioruhusiwa iko mezani kwangu. Ina jina moja. Wanataka saini yangu ifikapo tarehe mbili Mei.

Nifanye nini?

Kitindamimba


28 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mama yako sasa anatembea hadi mlangoni na kurudi.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Ni mimi niliyekutuma. Wanafunzi wangu wote walikuwa watoto, hakuna aliyekuwa na kibanda cha kufungua asubuhi. Sikuwaza. Naona aibu.

Usisaini. Peleka daftari la Fundi kwa mkuu wa idara, alione kwa macho yake. Ikibidi nitakuja nisimame mlangoni pake. Sisikii, lakini kusimama bado naweza. Wakikataa, basi, ila isitoke mkononi mwako.

Baba yako


6 Mei

Shikamoo Baba,

Namshukuru Mungu kwa habari za Mama. Barua yako imenifikia leo.

Nilisaini tarehe mbili. Mkuu wa idara nilishamwendea na lile daftari. Alifunua kurasa chache, akasema ni kazi nzuri sana, akanirudishia. Nisiposaini mimi, darasa zima halipewi namba za mtihani. Usione aibu, Baba. Mimi ndiye niliyekuwa darasani.

Ijumaa nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alisimamisha cherehani, akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama wenzake wanaelewa siku hizi. Nikamwambia wanaelewa. Akaitikia kwa kichwa, akanivutia kile kiti ninachokalia nikimfundisha.

Nikauliza tulipoishia. Alikuwa anakumbuka mpaka mstari. Tukakaa hadi saa kumi na moja.

Binti yako,
Kitindamimba