Sikukuu ya Vibanda, Guildford

Jumapili, 5 Oktoba
Nimetoka zamu ya usiku, sikulala. Nimesimamisha kibanda uani, nyuma ya fleti, karibu na kamba za nguo. Mianzi, mashuka ya zamani, majani ya mtende niliyookota kando ya barabara ya Auburn. Kimepinda. Baba angekibomoa aanze upya. Kule Nyandarua tulikuwa familia chache za Wayahudi katikati ya Wakristo, na kila mwaka yeye ndiye aliyesimamia ujenzi. Hapa ughaibuni niko peke yangu. Sinagogi siendi. Nakula tu ndani ya kibanda siku saba, kama sikukuu inavyotaka, basi.

Jumatatu, 6 Oktoba
Sikukuu imeingia jioni. Chapati na ndengu. Baraka ya Kiebrania ilinipotea katikati, nikaimalizia kwa Kiswahili. Situlii. Simu mkononi kila saa. Wanjiru hajasema kama atamleta binti yetu, Naomi, Jumamosi. Tangu tuachane, kila kitu ni kusubiri.

Jumatano, 8 Oktoba
Ajenti wa nyumba amepiga. Jirani amelalamika, hafikii kamba. Niondoe kibanda. Nimeomba niachiwe mpaka sikukuu iishe. Atafikiria.
Nilikasirika. Nikapanda kwa Mama Esperansi, Mrundi wa fleti ya juu, nikidhani ni yeye.
"Mimi naanika kwa balkoni," akasema. "Lakini hiyo kitu yako ni ya nini?"
Nikaomba msamaha, nikashuka. Aibu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wanjiru amejibu. Naomi hataki kuja. Ana miaka kumi, anayaonea haya mambo haya ya dini. Nikampigia Naomi mwenyewe. Nimeongea kupita kiasi. Nimemwambia hakuna kuomba, ni kula tu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida, kwamba atafikiria. Kama ajenti.

Ijumaa, 10 Oktoba
Upepo. Upande mmoja umeanguka. Nimefunga, ukaanguka tena. Najisumbulia nini?

Jumamosi, 11 Oktoba
Sabato, si siku ya kuandika, na bado naandika. Sawa tu.
Amekuja. Mama yake amemshusha getini bila kuzima gari. Naomi akakaa sebuleni na simu. Sikumlazimisha. Nikapakua, nikaenda kula kibandani peke yangu.
Baadaye akatoka na sahani yake, akasimama nje ya shuka.
"Dadi, na mimi ni Myahudi?" Kwa Kiswahili. Nilishtuka.
Nikamwambia ukweli. Wengi watasema hapana, kwa sababu mama yake si Myahudi.
"Na wewe unasema nini?"
"Nasema ingia, chakula kinapoa."
Akafikiria kidogo. Akaingia.

Jumapili, 12 Oktoba
Ajenti ameandika: kibanda kibaki mpaka Jumanne, kisizidi.
Naomi alilala hapa. Asubuhi sikumkuta kitandani. Alikuwa kibandani, amejifunika blanketi, anakula mkate na siagi. Nikaketi na chai yangu. Akanisogezea kipande. Tukakaa hivyo mpaka mama yake akapiga honi, naye hakuinuka haraka.