Jogoo Asiye na Pete

Mwenzangu, uko? Nimejifungia stoo ya chakula cha kuku.

Unamkumbuka jogoo wangu mweupe? Yule tuliyempandikizia mbegu za uzazi za wale kuku waliotoweka duniani, akiwa bado ndani ya yai, ili akikua azae vifaranga wao. Kwa nje jogoo wa kawaida tu! Kilichomtambulisha ni pete ya mguuni.

Jana mguu ulivimba, nikamvua pete. Nikasema kesho nitamvisha kubwa zaidi.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Na leo ni siku ya kupunguza kuku. Tangazo liko mlangoni, mwandiko wangu mwenyewe: ASIYE NA PETE ACHINJWE.

Mzee wa mabanda kasoma, katii. Mchana kanikaribisha supu. Nimekula, mwenzangu. Nikaomba na nyongeza!!

Mara mkuu wa maabara huyo: "Jogoo wetu yuko wapi?"

Mzee wa watu kajibu kwa upole, "Yupi, mama? Waliobaki wote wana pete."

Mbegu tulizogandisha zilishaisha. Alikuwa amebaki yeye tu.

Sasa hivi namsikia mkuu anazunguka mabanda, anatikisa kopo la mahindi, anamwita jogoo. Nitoke nikamwambie nini?