Daftari la Watalii la Mama Zainabu

Dada Rehema, shikamoo.

Newala kuna ukungu, na baridi yake ni ya sweta. Chama chetu cha kampuni za utalii kimenituma tena nisikilize shida za wenye gesti, tukawasemee serikalini. Mama Zainabu, mwenye gesti niliyofikia, amenipikia ugali wa muhogo na kisamvu, kisha akaniletea daftari alilowatengea watalii. Humo mlikuwa na jina moja tu, langu, la mwaka juzi, na maneno yangu: "Tutawasemea."

Nikainamisha kichwa.

"Andika tu, baba," akasema. "Kurasa bado zipo."

Chai imepoa, kalamu bado ninayo mkononi, na kwenye daftari lake sijaandika neno. Nibusie wanangu. Wakiuliza nilichofuata huku, waambie kisamvu.

Mdogo wako, Hamisi