Kisima Chini ya Kuku Wetu

Nekesa mpwa wangu, hamjambo Bungoma?

Juba nzima haili yai bila ruhusa yangu. Shamba letu la kuku hapa Gumbo, kunguru akilivuka hupumzika katikati. Lakini mvua haikatiki, na mavi yote yanateremkia kisima cha majirani. Watoto wao wanaharisha. Jana nikawaambia maji ni safi. Mama Keji, mmoja wao, akachota kikombe, akaniambia: "Mkubwa, kwetu anayekupa maji huonja kwanza. Haya ni yako, onja." Nikasema simu inaita, nikaondoka mbio nikiongea. Tangu hapo situlii, naranda tu.

Mungu awalinde, na mchemshe maji. Usimwambie mama yako: wakati ule simu yangu ilikuwa kibandani kwa huyo huyo Mama Keji, ananichajia.

Mjomba Wafula