Wikendi ya Wawili Milwaukee

Wausau, Wisconsin
Jumatatu, Desemba mosi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumaini nawe huko Stevens Point u mzima, na kwamba lile goti ulilofanyiwa upasuaji limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Huku baridi imekaza. Asubuhi hii nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari robo saa nzima, peke yangu. Paka hajambo. Nami sijambo, tena kuliko nilivyokuwa kiangazi chote.

Duane yuko kwako wiki ya tatu sasa, kwa hiyo upande wake umekwisha kuusikia. Mwamba ngoma huvutia kwake. Na mimi leo navutia kwangu, sikatai, na nataka ujue tangu mwanzo kwamba nimelipiza kisasi na sijamaliza.

Unajua kila mwaka mimi na yeye tuna wikendi yetu ya Milwaukee. Kupanga ni kazi yangu, na ninaipenda. Wikendi ya kupumzika haikimbizwi: unasimama mara moja tu njiani, gari likifika hotelini linapaki na halisogei tena, na asubuhi huamki mapema. Yote hayo nayaandika kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, halafu naifunika plastiki kwa mashine ya ofisini isiharibiwe na kahawa. Majirani wakitaka kutoka na wake zao au waume zao huja kuniomba nakala. Krismasi iliyopita alikuja Renae Vold, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisema ndoa yake na Gary imepoa, labda safari itaipasha moto. Nikampa nakala kwa mkono wangu mwenyewe, na keki juu.

Masika haya Duane akasema kazi zimembana, Milwaukee tuiahirishe. Nikakubali. Agosti nilikuwa natafuta karatasi za bima kwenye gari lake, nikaikuta ile nakala ya Renae chini ya ramani. Ilikuwa imeandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko nilioujua kutoka kwenye chupa zake za jamu. Penye mgahawa wa pai: "Cheri! Vipande viwili!" na kamoyo kadogo. Penye samaki wa kukaanga wa Ijumaa: "D. alicheza dansi!!" Penye Jumamosi saa nne asubuhi, nilipoandika makumbusho ya sanaa, alipiga mstari mmoja, akaandika chini yake: "Bora tulale." Juu kabisa kulikuwa na tarehe ya mwezi Machi.

Nitakwambia ukweli, Mama. Kuchukuliwa mume kuliniuma. Kusahihishiwa mpango wangu kulinitia kichaa.

Lakini nilitulia kama maji ya mtungini. Septemba nilipika, Oktoba nilifua soksi zake. Kisha nikamwambia mwaka usiishe hivi hivi, twende Milwaukee Novemba, sisi wawili, tupumzike. Alifurahi kama mtoto, masikini. Nikaandika karatasi mpya, na safari hii nilifuata masahihisho ya Renae, moja baada ya jingine.

Tuliondoka Ijumaa saa nane mchana. Kwenye mgahawa wa pai yule mama mhudumu alimwona Duane mlangoni akaangua kicheko: "Haa, bwana wa pai ya cheri! Leo tena viwili, au yule dada umemwacha?" Halafu ndipo akaniona mimi. Nikamwambia asijali, mimi ni dada mwingine, anikatie kipande kikubwa. Duane akanong'ona kwamba amefananishwa. Nikamjibu kwamba ni kweli, mpenzi, sura yako ni ya kawaida mno. Pai yake hakuimaliza. Nilimmalizia.

Jua lilikuwa limetua tulipofika klabuni kwenye samaki wa Ijumaa. Unaijua klabu ile, Mama, na unamjua Stosh mwenye baa, ambaye akikuona mara moja amekujua maisha. Alimpiga Duane begani mpaka brandi ikamwagika. "Mcheza polka wangu huyu! Nikuwekee ule wa akodioni?" Duane akaanza kusema hapana, mgongo wake unamuuma. Nikamwambia Stosh aweke, tena kwa sauti. Nikamshika mume wangu mkono, nikamvuta katikati ya watu na sahani zao.

Alikuwa anajua kucheza. Miaka kumi na tisa ananiambia miguu yake ni mbao. Hata kwenye harusi ya dada yangu alikaa na wazee akila njugu. Alinizungusha vizuri, kwa hofu lakini vizuri, mpaka watu wakatupigia makofi na mimi nikataka kulia. Hapo ndipo nilipomchukia kweli. Mpaka wimbo ule nilikuwa bado sijaamua kama nitamsamehe.

Jumamosi nililala mpaka saa nne, fofofo. Duane hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama ziwa, akaniuliza mara mbili kama hatuwezi kwenda makumbusho, yeye ambaye huko huwa namburuta. Nikamwambia ratiba inasema tulale. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Marlys, unajua nini wewe?" Nikaitoa ile karatasi yenye wino mwekundu kwenye mkoba, nikailaza juu ya mto wake.

Alilia. Alisema ilikuwa mara moja tu, kwamba Renae si chochote kwake. Alisema turudi nyumbani, tuzungumze njiani kama watu wazima. Nikamwambia chumba kimelipiwa mpaka Jumapili, apumzike, mimi nimeshapumzika. Nikachukua funguo za gari nikashuka. Nililisha paka saa kumi jioni. Yeye, kama ujuavyo, alipanda basi la Jumapili na hakuthubutu kuja kwangu. Alikuja kwako.

Sasa nije kwako, Mama, maana safari yote hii ilikuwa inaelekea huko.

Ijumaa ile ya Machi Duane aliniaga kwamba anakuja kukuvunjia barafu kwenye mifereji ya paa. Jumamosi nilikupigia simu nimsalimie. Ukapokea wewe. Ukaniambia, "Yuko juu ya paa, mwanangu, mikono imemlowa, atakupigia akishuka." Sikuuliza alivyovaa, lakini uliniambia: koti la buluu, na umemlazimisha kofia. Tulicheka pamoja juu ya hiyo kofia. Nilipoiona tarehe kwenye karatasi nilikaa kwenye kiti cha gari na kicheko chetu hicho kikanirudia masikioni, na hakijaniacha tangu hapo.

Mama yangu alikufa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Wewe ndiye niliyekuita Mama bila kulazimishwa. Mimba yangu ilipoharibika, Duane alikwenda kuvua samaki. Wewe ulilala chini kando ya kitanda changu siku nne. Mume akikosa, mwanamke ana pa kukimbilia. Mimi pa kukimbilia palikuwa kwako, na kumbe wewe ndiye uliyewashikia mlango. Duane nimemwacha Milwaukee na yameisha. Wewe sijui nikuache wapi.

Basi nimewaza hivi. Ulipochoka kuandika ile barua ya familia ya kila Desemba, inayokwenda kwa ndugu na marafiki wote kueleza mwaka ulivyokuwa, ulinikabidhi mimi, pamoja na daftari lako la anwani. Ulisema nina mkono mzuri na siongezi chumvi. Wamo mashangazi wa Green Bay, binamu wa Chicago, Padre, Gary Vold niliyemwongeza mimi, na wanawake wote kumi na wanne wa kwaya yako. Jumla yao sitini na mmoja. Mwaka huu barua ya familia ya Kubiak ndiyo hii uliyoishika. Nimeitoa nakala ofisini bila kubadilisha neno, hata "Mama mkwe wangu mpendwa" imo, na chumvi sikuongeza.

Zao zinaondoka leo, Jumatatu. Yako nitaitia posta Ijumaa. Alhamisi utakwenda mazoezi ya kwaya, na watakutazama, na mtu atakushika mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na utarudi nyumbani usijue kwa nini. Nilitaka uwe na siku chache hizo za kuwa wa mwisho kujua. Mimi nilikuwa nazo miezi mitano.

Huenda nitajuta. Nikijuta nitakuja mwenyewe nikuambie, maana hata sasa sijui mwingine wa kumwambia.

Mwambie Duane nguo zake za baridi ziko kwenye mifuko barazani, azifuate mchana nikiwa kazini. Ulitunze goti. Wasalimie na wanakwaya wote, ingawa wao nimekwisha kuwasalimia.

Aliyekuwa mkweo, na kabla ya Machi binti yako,

Marlys