Pale Baba Yako Alipoishia

Larysa,

Perogi, vile vitumbua vya unga vya kujazwa viazi, ziko kwenye friji. Zikaange na kitunguu, usizitie kwenye maikrowevu zikawa mpira. Ukirudisha gari, chomeka ukutani waya wa kupasha injini moto, la sivyo baridi ya leo itaigandisha.

Asubuhi niliwasha televisheni. Ile tamthilia yetu ya vichekesho, msimu wa mwisho, baba yako alisinzia katikati, na wiki ile ile akatutoka. Pale kwenye televisheni, kila mmoja wetu ana jina lake la kutazamia, na chini ya jina lake kulikuwa na kimstari chekundu kinachoonyesha alipoishia. Kila siku nilikitazama kidogo, kisha naenda kazini. Leo nimekuta kimefika mwisho. Umeangalia yote kwa jina lake, mwanangu, na wewe una lako humo humo, lenye picha ya paka!

Sijakasirika. Kulia pia sijalia. Nilisimama mbele ya televisheni mpaka chai ikapoa.

~~Usiguse tena jina la baba yako.~~

Basi, liguse tu. Angalau sasa naye kaimaliza. Jioni tukae, uniambie kitu kimoja: hapo mwishoni, angecheka wapi?

Mama